Vibao Kumi na Kimoja

Baada ya sala ya alasiri, nilipokuwa ningali juu ya msala nikikamilisha nyuradi zangu, shemeji yangu Zumaroh alisimama kwenye ngazi ya mwisho ya msikiti. Saruni yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na mkononi alishika kibao cha mbao kilichoota ukungu wa kijani. Hakuvuka kizingiti, kwa kuwa alikuwa na matope. Alikinyoosha kile kibao ndani kama mtu anayemtanguliza mgeni mlangoni.

"Shemeji," akasema, "mkeo amekuja msikitini."

Niliinuka nikakipokea. Kiliandikwa kwa rangi nyeupe: Muzayanah binti Kasmuri, na chini yake namba saba. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikiandika miaka minne iliyopita, mwaka wa korona, wakati mchonga mawe wetu alipokuwa amejifungia nyumbani kama watu wengine wote. Nilijiambia ningemwekea jiwe baadaye. Baadaye haikufika.

"Umeking'oa wapi?"

"Mimi ning'oe kaburi la dada yangu? Kimejileta chenyewe. Bamvua la leo limeviinua vyote. Viko kumi na kimoja, vimeegemea ukuta wa msikiti wako huko nyuma, vinagongagonga kama watu wanaobisha hodi. Njoo uwafungulie. Wewe ndiye mwenye funguo."

Sikumkemea. Ulimi wa Zumaroh ni mkali tangu usichana wake, na marehemu dada yake ndiye pekee aliyejua kuutuliza. Asubuhi huuza uduvi uliosagwa sokoni. Na kwa miaka ishirini alikuwa ndiye mwosha maiti wa wanawake hapa Rejosegara, kijiji chetu cha pwani ya kaskazini ya Java. Hakuna bibi aliyeondoka kijijini bila kupitia mikononi mwake, isipokuwa wale wa mwaka ule.

Nilishuka ngazi tisa. Nilipokuwa kijana zilikuwa mbili. Kila bahari ilipoingia msikitini tulileta kifusi, tukamwaga, tukaweka sakafu mpya juu ya ile ya zamani, na paa tukaliacha lilipo. Tumefanya hivyo mara saba, na mimi nimeongoza mara nne. Madirisha yaliyokuwa usawa wa kifua sasa yako usawa wa vifundo vya miguu, na mimi imamu hulazimika kuinamisha kichwa kabla sijaingia kwenye mihrabu. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba hata jengo lenyewe linatufundisha unyenyekevu.

Nyuma ya msikiti ndiko makaburi yalipo. Ncha yake ya chini, inayopakana na mabwawa ya samaki, ndiyo tuliyowapa waliokufa kwa korona, kwa sababu ilikuwa mbali na nyumba na watu waliogopa. Zamani maji yalikuwa yakija na kurudi. Tangu mwaka jana yanakuja na kukaa. Siku ile niliingia ndani yake na kibao kikiwa kifuani, Zumaroh akinifuata, na mbele yetu kulikuwa na uso mmoja wa maji ya kahawia, tambarare, usio na alama hata moja.

"Ni wa saba kutoka kwenye mti wa maua meupe," nikasema.

"Mti upi? Ulikufa kwa chumvi, ukaanguka mwaka jana. Uliuona unaanguka."

"Basi wa saba kutoka kwenye tuta."

"Hesabu."

Nilihesabu kwa miguu, nikipapasa chini ya maji kwa nyayo, nikitafuta mwinuko, jiwe, ukingo, chochote. Kulikuwa na tope tu, laini, sawasawa, kana kwamba hakuna mwanadamu aliyewahi kulichimba.

"Ni hapa," nikasema.

"Hapo huenda ni Pak Ngatmin aliyekuwa akipiga ngoma ya msikiti. Au yule mke wa muuza tofu, masikini, aliyekuwa akiogopa hata mvua. Au ni dada yangu Yana." Akakunja saruni yake juu zaidi. "Wamelala kitanda kimoja sasa, Shemeji. Usibague."

Yapasa nieleze kwa nini nilisimama pale mpaka jua likakaribia kuzama. Muzayanah alipougua, tulimweka chumba cha nyuma, na mimi nililala upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Tulizungumza kupitia ule ukuta kwa siku sita. Siku ya tano aliniambia, "Usiniache nilale peke yangu huko, mimi sijazoea." Nikamwahidi kwamba nitazikwa ubavuni mwake, upande wa kushoto, kama tulivyolala miaka thelathini na nane. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema, "Kwa sharti usikorome." Ahadi ile ndiyo iliyonisimamisha tangu siku hiyo. Mtu akiniuliza ninangoja nini duniani, moyoni nilikuwa nikijibu kwamba ninangoja mahali pangu.

Watu walichukua mwili wake wakiwa wamevaa nguo nyeupe za plastiki, nyuso hazionekani. Zumaroh alisimama nyuma ya kamba na birika lake, na majani ya mkunazi, na kafuri, vyote tayari. Hawakumruhusu. Alimwaga yale maji chini, pale pale barabarani, na tangu siku ile hakuosha tena maiti ya mtu yeyote.

Lakini nitakuwa mwongo nikiutaja mwaka ule kwa msiba peke yake. Habari zilipotufikia, kijiji kiligeuka ndani ya siku tatu. Tuliweka mti wa mwanzi kwenye njia ya kuingilia. Ngoma ya msikiti ilinyamaza. Mimi mwenyewe nilifunga mlango huu kwa kufuli siku ya Ijumaa, jambo ambalo babu zangu hawakulifanya hata wakati wa vita, na katika adhana nikatia yale maneno ambayo nilikuwa nimeyasoma vitabuni tu: salini majumbani mwenu. Niliyatamka nikilia. Watu walitii. Idi ilipofika tuliwaambia watoto wetu walioko mijini wasirudi, na binti yetu alipiga simu, tukalia pande zote mbili za simu, na hakurudi. Kila aliyekuwa na chochote alikitundika kwenye ua wa jirani aliyefungiwa: mchele uliofungwa kwa jani la mgomba, mboga, mayai. Haji Sobirin, mwenye mabwawa makubwa kuliko yote na mkono mgumu kuliko yote, aligawa samaki wake wa mwatiko mlango kwa mlango. Hakuna aliyeuliza kwanza jirani yake atafanya nini. Tulijua kwamba kikohozi cha nyumba ya mwisho ni kikohozi chetu sote. Walikufa kumi na mmoja. Kijiji jirani, ambacho hakikufunga, kiliacha kuhesabu.

Nilipotoka majini siku ile nilimwambia Zumaroh, "Nitaagiza kifusi. Tutauinua mstari huu wote."

Aligeuka akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja chungu.

"Na maji utayapeleka wapi?"

"Maji yatarudi yalikotoka."

"Shemeji, wewe umesoma vitabu vya dini vya karatasi za manjano mpaka macho yamekuwa manjano, lakini hili hukulisoma. Ulipouinua msikiti mara ya saba, maji yaliyokuwa yakiingia msikitini yaliingia chumbani kwangu wiki ile ile. Nikainua kitanda kwa matofali. Muuza tofu akainua sakafu yake, yakaingia kwa mwenye cherehani. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Waliobaki bila mtu wa kuwainulia ni hawa." Akaonyesha uso wa maji. "Ulidhani yalirudi baharini kwa adabu?"

Nilikaa siku tatu nikitafuta jibu, na kila nilipolikaribia nilijikuta niko kwenye mkutano ule.

Mkutano ule ulifanyika msikitini miaka miwili kabla. Walikuja wataalamu wawili wa mikoko, mwanamke na mwanamume, wakavua viatu wakaketi nasi. Wakasema dunia nzima inazidi joto na bahari zote zinapanda, na hilo hatuwezi kulizuia sisi peke yetu. Lakini ardhi yetu pia inazama, kwa sababu tunavuta maji ya chini kwa visima vya mashine, na bahari inatufikia upesi kwa sababu tulikata mikoko ili kupata mabwawa. Wakatuomba mambo mawili. Tufunge visima vya mashine. Na mabwawa matano ya mbele tuyapasue matuta, tuyaache wazi kwa bahari, tusimamishe ndani yake nyua za fito na matawi. Bahari italeta tope lenyewe, tope litazaa mikoko, na nyuma ya mikoko mawimbi yatatulia. Ila yawe yote matano, wakasema. Likibaki moja, maji yatalizunguka na kubomoa yaliyobaki.

Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa bwawa kubwa kati ya yale matano ni wakfu wa msikiti.

Nikasema wakfu haiguswi mpaka siku ya Kiyama.

Nakumbuka namna watu walivyoshusha pumzi. Walikuwa wakingoja udhuru, na mimi niliwapa udhuru wenye Kiarabu ndani yake. Haji Sobirin akasema, "Kama msikiti hautoi, sisi ni nani?" Mkutano ukafungwa kwa dua. Mwezi uliofuata tukaleta kifusi cha mara ya saba, na michango haikuwahi kuja kwa wingi namna ile.

Tuliogopa kilichokuja mbio. Kilichokuja polepole tulikipandishia sakafu.

Na lipo jambo ambalo sikumwambia mtu hata siku moja. Ukurasa unaoruhusu wakfu kubadilishwa matumizi panapokuwa na dharura, nilikuwa nikiujua. Nilikuwa nikiujua siku ile ile nilipokataa. Ndio ukurasa wa jirani na ule niliousoma kabla ya kufunga msikiti.

Siku ya nne nilikwenda kwa Haji Sobirin. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha bwawani, anabanika samaki, tumbo wazi.

"Mbah!" akaita, kama tunavyowaita wazee wetu. "Karibu, kaa, huyu mwatiko amenona kuliko mimi. Umekuja kunikumbusha kifo au kunilia samaki?"

"Vyote viwili, Pak Haji."

"Basi tuanze na samaki."

Nilimweleza kuhusu vibao. Aliacha kupepea moto. Mamake mwenyewe alikuwa namba tatu.

"Tuwahamishe," akasema. "Mimi nitatoa watu. Tuwapeleke bara, kwenye makaburi ya juu. Si inaruhusiwa, Mbah, kaburi likiingia maji?"

"Inaruhusiwa. Utamhamisha yupi?"

Akamgeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. "Hata mahali hapajulikani?"

"Hapajulikani."

"Yaani Mama yangu…" Hakumaliza. Alijifuta uso kwa kitambaa cha begani, akalaumu moshi.

"Ijumaa nitatangaza kwamba bwawa la wakfu linapasuliwa," nikasema.

Akanigeukia. "Mwaka juzi ulisema haiguswi. Mpaka Kiyama, ulisema. Mimi nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, tumepona."

"Nilikosea."

"Ulikosea? Mbah, wewe ukikosea sisi tunakwenda wapi? Mimi nina matatu pale mbele, na ndugu zangu wana lao. Unataka nipasue riziki yangu kwa sababu umebadilisha ukurasa?"

"Ulipogawa samaki wakati wa korona nani alikuamuru?"

"Ile ilikuwa tofauti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu walikuwa wanakufa!" alisema kwa sauti kubwa, kisha akasikia alichokisema. Alinifungia samaki nusu kwa jani la mgomba, nikaondoka naye.

Ijumaa nilipanda mimbari na kile kibao. Sikuandaa hotuba yenye vina, ingawa hiyo ndiyo desturi yangu. Niliwaambia, "Miaka minne iliyopita nilifunga mlango huu kwa sababu uhai wa mja una haki iliyotangulia haki ya jengo, na ninyi mlinitii. Miaka miwili iliyopita mliniuliza juu ya bwawa, nikawajibu kwa ulimi wa fikihi na moyo wa mtu anayependa bwawa lake. Nililinda ukuta, nikawasukumia wafu wetu maji. Aliyeweka wakfu alikusudia kuwanufaisha watu wa msikiti huu. Kesho maji yakitoka nitalipasua tuta, na kisima cha mashine cha msikiti kinafungwa leo. Simlazimishi mtu. Namwomba Mola anisamehe, nanyi mnisamehe."

Sauti ya maji chini ya ngazi ilisikika. Mtu mmoja safu ya nyuma akasema, "Na sisi tutatawadha wapi?" na wengine wakamnyamazisha.

Asubuhi walikuja watu kumi na wanne wenye majembe. Nilipiga jembe la kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na miaka sabini na moja, na tuta lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Vizazi vitatu vilikuwa vimelishindilia. Lilipokatika na maji kuanza kujaa, bahari haikuingia kwa kishindo. Iliingia taratibu, kama mtu aliyejua siku zote kwamba atakaribishwa. Haji Sobirin alisimama juu ya tuta lake, mikono kifuani.

"Mbah, mwatiko wako wanakimbia!"

"Waache wakimbie."

"Na nisipofungua langu?"

"Bahari italizunguka lako na kubomoa langu. Wewe ndiye jirani yangu, nitafanyaje?"

Hakucheka. Alikaa akitutazama mpaka tulipomaliza kusimamisha ua wa kwanza wa fito, kisha akaenda zake.

Alivuna samaki wake wote, na siku ya arobaini akapasua mabwawa yake mawili. La tatu hajalipasua mpaka leo. La ndugu zake pia bado, kwa kuwa hawajaelewana. Watu ishirini wamefunga visima. Watu wengi zaidi hawajafunga, na bado wapo wanaonisalimu kwa kunitazama miguuni. Masika yamepita. Nilipochoma fimbo ndani ya ua wetu wa fito nilipata tope la vidole viwili. Yule mwanamke wa mikoko alifurahi sana, akapiga picha. Kisha nikamuuliza habari za makaburi, na furaha ikamtoka usoni.

"Mbah, nisikudanganye," alisema. "Nyumba huenda zikapona, tukijaliwa, kama wengine nao watafungua. Makaburi mmechelewa. Pale chini hapatainuka tena."

"Tungefungua yote mwaka ule ulipokuja?"

Aliinamisha kichwa, akafunga begi lake kwa muda mrefu kuliko begi lilivyohitaji.

Sasa tunazika bara, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, kwenye udongo mwekundu mkavu. Nimekwishaonyeshwa mahali pangu. Ni pazuri, pana kivuli. Ubavuni mwangu atalala mtu nisiyemjua.

Vile vibao vilikaa barazani mwa msikiti miezi yote hii, vimepangwa ukutani. Hakuna aliyethubutu kuvirudisha majini wala kuvitia moto. Jana baada ya adhuhuri Zumaroh alipanda ngazi tisa, safari hii miguu yake mikavu, na mkononi ana birika lake la zamani, na majani ya mkunazi, na kipande cha kafuri kilichofungwa kwa karatasi. Akatandika mkeka mpya. Akavilaza vibao kumi na kimoja juu yake, kimoja kimoja, upande wa kulia, vikielekea kibla. Cha dada yake hakukitanguliza. Alikiacha palepale, cha saba.

Akanitazama kwa macho yanayotaka ugomvi.

"Sema basi. Sema si sheria. Sema mbao haioshwi."

Nilitafuta kichwani mwangu, kitabu baada ya kitabu, na ni kweli sikuona andiko linaloamrisha jambo lile. Nilimwona tu amepiga magoti, mikono yake miwili wazi juu ya kibao cha kwanza, na mikono ile ilikuwa mitupu tangu siku ile ya barabarani.

"Wa kwanza ni nani?" nikamuuliza.

"Pak Ngatmin. Mwanamume. Mimi siruhusiwi kumwosha."

"Nitamwosha mimi. Wewe ngoja wanawake wako."

Nikakunja mikono ya kanzu, nikaenda kwenye mtungi wa maji ya mvua, nikateka, nikarudi. Maji yalikuwa baridi. Alinipa jani la mkunazi, nami nikaanza upande wa kulia.

"Taratibu, Shemeji," akasema. "Anaumwa mgongo."